Mafunzo Niliyopata kwa Kumuuguza Baba

Baba yangu ni fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Siku hizi anaweza kuuliza asubuhi nzima kitanda anachokipiga msasa ni cha nani. Kila anayekuja kumjulia hali anakuja na dawa yake: mlonge, habbat soda, kombe. Nami nikaanza kuulizia wataalamu na kusoma.

1. Uzee pekee hausahaulishi hivi

"Uzee huo, muacheni mzee wa watu." Nimelisikia neno hili mpaka nimelichoka. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2010, wakakuta takribani 6 katika kila 100 wana dementia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Ingekuwa ni uzee, wale wengine 94 wangepona vipi?

2. Kipimo hakihitaji kalamu

Kwa kuwa wazee wengi hawakusoma, watafiti waliofanya kazi Hai walitengeneza kipimo cha maswali ya kawaida: daraja ni nini, leo siku gani, taja wanyama unaowajua ndani ya dakika moja. Kisha mzee anapewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata mfano. Nilimjaribu baba kwa njiti. Mtu aliyeunga vitanda vya mninga maisha yake yote alizigeuza, akazitazama, akaziweka pembeni. Lakini mpe randa, ubao unatoka laini vilevile. Mazoea ya mikono hukaa sehemu nyingine ya ubongo, na ugonjwa huchelewa kufika huko.

3. Dawa ya mti ipo, ila si ile ya kwenye chupa ya maji

Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, mojawapo ikiitwa asetilikolini. Kwa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dementia, kemikali hiyo hupungua. Dawa kadhaa za hospitali huzuia kimeng'enya kinachoivunja, ili hiyo kidogo iliyobaki ikae zaidi. Moja, galantamini, asili yake ni maua ya Ulaya. Nyingine, rivastigimini, ilibuniwa kwa kufuata kemikali ya maharage ya Calabar, Nigeria. Maharage hayo ni sumu. Zamani watu waliotuhumiwa uchawi walinyweshwa maji yake, anayekufa ndiye mchawi. Nikikumbuka vikongwe wa kwetu walivyoshambuliwa kwa tuhuma hizo hizo, pengine baadhi yao wakiwa wamechanganyikiwa tu kwa maradhi, nakosa la kusema.

Dawa hizi hupunguza makali kwa muda, haziponyi. Na si kila jani linalosifiwa lina kitu. Majani ya ginko, yanayouzwa kama dawa ya kumbukumbu, yalijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000. Majibu ya mwaka 2008 yalionesha kwamba hayakuzuia ugonjwa. Mlonge sina ugomvi nao, ni mboga nzuri. Muuzaji mmoja aliponiambia chupa yake "inasafisha ubongo", nilimuuliza ina mti gani. Akasema ni siri ya ukoo. Sikununua. Muhimbili kuna taasisi inayochunguza tiba asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na huko mti hutajwa jina.

4. Kuna vinavyoizima kemikali hiyo hiyo

Mnanaha, unaoota hadi majalalani na ambao wengine huvuta moshi wake kwa pumu, huiziba asetilikolini. Mtu mzima kabisa huweweseka. Vidonge vya mafua na mzio vya klofeniramini navyo huiziba, kwa kiasi kidogo zaidi. Baba alikuwa anavimeza usiku apate usingizi. Daktari alipomwachisha, asubuhi zake zilitulia kidogo.

5. Presha na masikio

Jopo la jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kati ya sababu 14 walizotaja kuna presha, kisukari na kupungua usikivu. Mashine za kuranda za Keko zinalia kutwa nzima, na sijaona fundi aliyeziba masikio.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye mzazi karakanani: mpeleke apimwe presha, sukari na masikio. Ukienda, beba vidonge vyote anavyomeza, pamoja na zile chupa zilizofichwa chini ya kitanda.