Mbele ya kujaza maji, tupime sakafu



Wafugaji wengine wa tilapia wanaweka tangi la vifaranga ndani ya nyumba juu ya kuogopa wezi. Ni mawazo mazuri. Lakini kama nyumba ni ya mbao, na chini ya sakafu ni tupu, maji yanaweza kuivunja.

Uzito. Litre 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la metre 2 kwa metre 1, lenye maji ya sentimetre 50, linabeba litre 1.000. Ni kilo 1.000, sawa na mifuko 10 ya kilo 100, na bado hatujahesabu tangi lenyewe. Kila metre ya mraba inabeba kilo 500. Sakafu ya nyumba ya kuishi, hata ile iliyojengwa na fundi mzuri, mara nyingi inapangiwa kilo 150 mpaka 200 tu.

Munaweza kusema: «Mbona tunaweka mifuko ya maharagi na haivunjike?» Mifuko inauzwa, inatoka. Maji yanakaa usiku na mchana, miezi mingi, na mti unaendelea kupinda polepole. Tena sakafu ikiinama, maji yanakimbilia upande wa chini na kuuzidishia mzigo.

Tufanye hivi:

1. Tuingie chini ya sakafu na kuchoma miti kwa kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, mti umeoza ao umeliwa na mchwa. Tusiweke tangi pale.

2. Tangi likae karibu na ukuta, likatize miti mingi, lisifuate mti mmoja. Kama liko na miguu, tutie ubao munene chini yake.

3. Tufunge kamba ngumu chini ya mti, toka mwisho mpaka mwisho. Tujaze sentimetre 10, tungoje siku moja, tupime. Mti wa metre 3 ukipinda kupita sentimetre 1, tutoe maji.

Njia bora ni kuweka tangi chini, juu ya udongo ulioshindiliwa, ndani ya kibanda chenye kufuli. Udongo hauvunjike, na watoto watalala salama.

Tuzungumze katika kikundi: tangi letu linabeba litre ngapi? Nani amekwisha kuangalia chini ya sakafu yake?