Zana za Kufundishia Nazo Zikae Maktaba

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha hadithi ni ileile: bumu linaingia, halafu linaishia kwenye manila, maka peni na gundi. Mwenye nacho anaingia darasani na chati za rangi, asiye nacho anaingia na chaki tu. Wote wawili wanapimwa kwa fomu moja. Hapa maktaba yetu ina kazi ya kufanya, ila kununua zana si sawa na kununua vitabu.

Kwanza, tugawe mafungu mawili.

Vya kudumu: globu, ramani za ukutani, abakasi, mizani, kadi za herufi. Hivi vinaazimwa, kwa hiyo viingie kwenye katalogi. Kwa mfumo wa Dewey, elimu ni 370 na elimu ya msingi ni 372. Kila seti ikae kwenye boksi lake, na idadi ya vipande iandikwe juu ya kifuniko. Zikitoka kadi 24 zikarudi 23, ijulikane palepale kaunta.

Vya kuisha: manila, gundi, rangi, uzi. Hivi haviazimwi, vinaandikwa kwenye leja na kutumika mezani hapohapo maktaba. Mkasi na rula, hata vikikaa meza moja na gundi, ni vya kudumu.

Pili, kabla ya kununua tuulize: Kinaendana na muhtasari wa sasa? Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika 2024, kwa hiyo chati za zamani zikaguliwe kwanza. Kitahimili mikono mingi? Na je, hatuwezi kukitengeneza wenyewe? Vihesabio vya vizibo vya soda havihitaji bajeti.

Tatu, tuandike vipimo. Vyuo vya umma hununua kupitia mfumo wa NeST, na ombi la "ramani kubwa" linaweza kutuletea chochote. Andika: ramani ya Tanzania, ya ukutani, iliyolaminishwa, yenye mikoa yote 31. Ramani isiyo na Songwe, mkoa ulioanzishwa 2016, imeshapitwa na wakati.

Wana elimu, orodha hii haitajiandika yenyewe. Wawakilishi wa madarasa wakusanye mahitaji kwa kila somo na kuyafikisha maktaba kabla bajeti haijafungwa. Tukisubiri wiki ya kwenda mazoezini, tutakutana tena dukani, kila mtu na mfuko wake.