Mti Uliokatwa Hurudi Kutoka Wapi?

Maji yanayotoka bombani Nguvumali, jijini Tanga, yamepitia Bwawa la Mabayani. Bwawa hilo linajazwa na Mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Kwa hiyo mkazi wa Tanga ana kila haki ya kuuliza swali ambalo kwa kawaida huachiwa afisa misitu: msitu ukikatwa, unarudi? Na ukirudi, unatoka wapi?

Tuanzie chini kabisa. Mti hauzuki tu. Kila mti mpya umetoka katika chanzo kimoja kati ya vitatu: kisiki au mzizi uliobaki hai, mbegu iliyokuwa imelala udongoni, au mbegu iliyoletwa kutoka kwa mti uliosimama kwingine. Chanzo cha nne hakipo, isipokuwa mtu aje na mche mkononi. Ukijua ardhi yako imebakiwa na chanzo gani, umejua pia kazi inayokungoja. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, wakakimbilia kitalu na kuhesabu miche.

Kisiki ndicho chanzo chepesi. Miti ya miombo, iliyoenea sehemu kubwa ya Tanzania, imeishi na moto na ukame kwa muda mrefu sana, na akiba yake kubwa ya wanga huiweka mizizini. Ukiukata mti wa namna hiyo umeondoa sehemu inayoonekana tu. Mizizi inabaki na chakula, inabaki na njia ya kufikia maji ya chini, na mvua zikianza inasukuma machipukizi mengi kwa pamoja. Chipukizi la kisiki huuacha mbali sana mche wa kitaluni, kwa sababu mche lazima ujenge mizizi kwanza. Huko Dodoma wakulima wanaifanya kazi hii kwa jina la Kisiki Hai: wanachagua machipukizi machache yenye nguvu, wanapogoa mengine, wanaweka alama ili mifugo na majembe yapite pembeni. Hakuna mbegu iliyonunuliwa wala maji yaliyobebwa kwa ndoo.

Shinyanga walionyesha ukubwa wa jambo hili. Mapori ya huko yalifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuwaangamiza mbung'o, kisha kupisha pamba na mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 ulikuta Wasukuma tayari wana desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lifae kiangazi. Ngitili zilizohesabiwa wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 350,000. Sehemu kubwa ya miti ya ngitili hizo haikupandwa na mtu. Ilikuwa chini ya udongo, ikiliwa na mbuzi kila ilipochungulia. Kilichobadilika ni uamuzi wa wenye mbuzi.

Kosa kubwa ni kuuchukua mfano wa Shinyanga na kuupandisha hadi Amani, huko Usambara Mashariki, kama ulivyo.

Usambara Mashariki kuna msitu wa mvua. Amani hupata takriban milimita 1,900 kwa mwaka, na moto wa asili karibu haujulikani. Akiba ya mizizi na kisiki haina uzito kule kama ilivyo kwenye miombo. Hapo chanzo cha pili na cha tatu ndivyo vinavyoamua, na kila kimoja kina masharti yake.

Tazama mbegu zilizolala. Udongo wa msituni umejaa mbegu ndogo za miti inayopenda jua, kama mpesi, ambazo hungoja miaka bila kuota. Zinajuaje wakati wa kuamka? Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula, lakini huuachia mwekundu wa mbali, ambao macho yetu huuona kwa shida. Kwa hiyo mwanga unaofika chini ya majani umepungukiwa wekundu wa kawaida. Nyingi ya mbegu hizi zina kemikali iitwayo fitokromu, inayopima uwiano wa aina hizo mbili. Wekundu wa mbali ukizidi, mbegu inaendelea kulala, kwa kuwa juu kuna kivuli. Mti mkubwa ukianguka, uwiano unageuka na mbegu inaanza kazi. Hiyo ndiyo sababu pengo jipya msituni hujaa miti michanga hata kama hakuna aliyepanda kitu. Mimi naona hapa pana moja ya mashine nzuri kuliko zote katika maumbile, nayo imo ndani ya punje isiyozidi kichwa cha kiberiti.

Lakini akiba hiyo ni ya miti ya haraka tu. Miti mingi ya msitu mkomavu huzaa mbegu kubwa zenye maji mengi, ambazo zikikauka hufa. Haziwezi kungoja miaka chini ya shamba la mihogo. Shamba lililolimwa muda mrefu, likiachwa, halina mbegu za miti hiyo hata moja udongoni. Lazima ziletwe.

Nani anazileta? Kwa sehemu kubwa ni wanyama. Norbert Cordeiro na Henry Howe walilipima jambo hili hukohuko Usambara Mashariki. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2001 walilinganisha vipande vidogo vya msitu, visivyozidi hekta 9, na misitu mikubwa. Kwa miti ambayo mbegu zake hubebwa na wanyama, miche na miti michanga ilikuwa zaidi ya mara tatu kwenye misitu mikubwa. Kwa miti ambayo mbegu zake hubebwa na upepo au huanguka tu, tofauti hiyo haikuonekana. Mvua na udongo pekee vingekuwa sababu, makundi yote mawili yangeathirika. Lililoathirika ni lile linalohitaji mbebaji, na ndege wengi wa msituni hawathubutu kuvuka uwazi kufikia kipande kidogo.

Mfano mzuri ni msambu, mti wenye matunda makubwa ambayo mbegu zake zina mafuta mazito. Tunda likianguka, panya buku hubeba mbegu na kuzifukia, na zile anazozisahau ndizo hupata nafasi ya kuota. Huota kwa taratibu sana: miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Isitoshe, msambu una miti dume na miti jike. Mkulima asiyeelezwa hilo anaweza kukata dume kwa kuwa halizai, kisha akashangaa majike yake kukosa matunda. Vijiji vya Amani na Muheza vimekuwa vikikusanya na kuuza mbegu hizi tangu miaka ya 2000, na mnunuzi akiwepo, mti unaoachwa shambani una sababu ya kuachwa. Ila kila mbegu iliyouzwa haifukiwi na panya buku. Kipimo cha kuvuna na cha kubakiza kinastahili uangalizi uleule tunaoupa bei.

Mbebaji naye hachagui kwa faida yetu. Musizi, Maesopsis eminii, ni mti wa Uganda, Kongo na upande wetu wa Ziwa Victoria. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye ukapandwa kuziba mapengo ya miti iliyovunwa. Hondohondo wakayapenda matunda yake na kuyatawanya hadi ndani ya msitu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wanaonya kwamba ungeweza kuutawala msitu wote. Mti huu ni wa Tanzania, kwa mipaka ya ramani. Uasili haupimwi kwa mipaka ya nchi. Unapimwa kwa bonde, kwa mlima, kwa miti na wadudu waliokulia pamoja.

Sasa tufike kwenye kizuizi kisichoonekana kwa picha za angani. Kwa miaka mingi wakulima wa milima hii walilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ukitazama kutoka juu, msitu upo. Ukiingia ndani, kila mche unaoota umefyekwa ili iliki ipumue. Ni kijiji chenye wazee watupu: nyumba zote zina watu, lakini hakuna mtoto, na hesabu ya watu leo haikuonyeshi hatari hiyo. Ndivyo ilivyokuwa Derema, ukanda unaounganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake. Ulipotengwa kwa uhifadhi, wakulima zaidi ya 1,000 waliacha mashamba yao ya iliki kwa fidia, na fidia ilichukua miaka kulipwa. Kwa upande wa mbegu na ndege, uamuzi wa kuuunganisha msitu ulikuwa sahihi. Kwa upande wa watu, kuwangojesha hivyo ilikuwa dhuluma, na dhuluma ina madhara ya kisayansi pia: jirani aliyeumizwa na msitu hana sababu ya kuuzimia moto wala kuulindia miche.

Turudi kwenye maji, kwa uangalifu. Mti hautengenezi maji. Unayanywa, na mengi huyarudisha hewani. Msitu unachofanya ni kubadili njia ya mvua. Matandazo ya majani huvunja nguvu ya tone, na mashimo ya mizizi iliyooza na ya minyoo hupitisha maji chini, yakatoka polepole kwenye chemchemi hadi kiangazi. Mteremko mtupu hujifunga uso, maji yakakimbia juu yake na kuubeba udongo hadi Mabayani. Kila ndoo ya tope inayotua bwawani imechukua nafasi ya ndoo ya maji.

Wakulima wa bonde la Zigi na kijito chake Kihuhwi wamejiunga katika umoja uitwao UWAMAKIZI. Wanachimba makinga maji, wanapanda majani ya kushika matuta, na wanaziacha kingo za mto zipumzike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kisayansi ukanda huo ni zaidi ya uzio: ndege wasiothubutu kuvuka uwazi hupita humo, na mbegu walizomeza hudondoka humo.

Lakini mita 60 hizo zilikuwa shamba la mtu, na mtu huyo anastahili kulipwa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni, na wawekezaji wakajitokeza kwa wingi. Hiyo inanionyesha kwamba mji unaweza kukusanya fedha kwa ajili ya maji yake ukiamua. Anayeacha kulima kando ya Kihuhwi anapoteza mahindi yake msimu huu na ujao, huku msambu aliouacha ukiendelea kukua kwa miaka kabla ya kuzaa. Hasara hiyo ni gharama ya kuzalisha maji, sawa na dawa ya kuyatibu na umeme wa kuyasukuma, na mahali pake ni ndani ya bili ya Nguvumali.