Mgeni Myahudi Akifika Kasese: Maneno ya Kujua

Miongoni mwa watalii wanaopita Kasese kwenda Rwenzori au Hifadhi ya Queen Elizabeth wamo Wayahudi wa Israeli na Marekani. Mgeni anaweza pia kuwa Mganda: Abayudaya wa upande wa Mbale wanashika dini hiyo tangu 1919, mwanzilishi wao Semei Kakungulu alipotahiriwa pamoja na wanawe. Mwenye gesti, mpishi au dereva wa Kasese na Bwera atafaidika na maneno haya.

Salamu na mazungumzo

Mengi ni ya Kiebrania, lugha ya sala na ya kila siku huko Israeli. *Shalom* ni salamu ya kukutana na kuagana. Itikia vivyo hivyo. *Toda* ni asante, *bevakasha* ni tafadhali. *Mazal tov* ni hongera ya harusi, mtoto au mtihani. Ukimuuliza habari akasema *Baruch Hashem*, anamshukuru Mungu, kama Mwislamu asemavyo alhamdulillahi. Mgonjwa huambiwa *refua shlema*, yaani ugua pole.

Kiyidishi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya, yenye asili ya Kijerumani lakini huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Usiitarajie kwa Abayudaya. Mmarekani ndiye atakayeguna *oy vey*, "ole wangu", akiona mlima uliobaki kupanda. Akikuita *mensch*, amekusifu kuwa una utu.

Ijumaa jioni

Sabato, kwao *Shabbat*, huanza jua likizama Ijumaa. Ikweta inapita Kikorongo wilayani Kasese, hivyo mwaka mzima jua huzama karibu saa moja, na mishumaa huwashwa kabla ya hapo. Anayeishika kikamilifu hapandi gari, hawashi taa wala hashiki pesa mpaka nyota zitokee Jumamosi. Malizaneni malipo na safari mchana, kisha mtakie *Shabbat shalom*. Mzee mwenye asili ya Ulaya huenda akasema *gut Shabbes*, kwa Kiyidishi.

Mezani

Chakula halali kwao huitwa *kosher*. Nguruwe ni mwiko, na nyama haiandaliwi pamoja na maziwa. Samaki lazima awe na mapezi na magamba: ngege wa Katwe anafaa, kambare hafai. Wapo wasiokula chochote kilichopikwa katika sufuria zenu, hata kiwe kitamu vipi. Usione umedharauliwa, mpe ndizi mbivu, parachichi zima na maji ya chupa ambayo haijafunguliwa.

Kupeana mikono

Wanaume wacha Mungu wengi hawampi mkono mwanamke asiye wa nyumbani mwao, na wanawake wao hivyo hivyo kwa wanaume. Subiri aanze yeye. Asiponyoosha mkono, weka wako kifuani na useme *shalom*.

Wayahudi hawashiki dini kwa kiwango kimoja. Wapo watakaoagiza chai ya maziwa na nyama choma bila wasiwasi. Muulize mgeni siku anapofika, kabla hujaenda sokoni.