Homa Isiyokwisha: Tuijue Kala-azar

Somo letu la leo ni kuhusu kala-azar. Jumuiya Ndogo Ndogo na vikundi vya akina mama mnaweza kulisoma pamoja kwa njia yetu ya Ona, Amua, Tenda.

ONA

Tuanze na mfano. Mama mmoja wa Pokot Magharibi ana kijana wa miaka minane. Kijana ana homa inayokuja na kuondoka. Ananunuliwa dawa ya malaria dukani, anapata nafuu kidogo, homa inarudi. Mwezi wa pili amekonda mikono na miguu, lakini tumbo linakua. Huyu anasema ni minyoo, yule anasema amerogwa. Anachanjwa chale tumboni. Mwezi wa tatu anatokwa na damu puani, na ndipo anapelekwa hospitali. Tujiulize: hiyo miezi mitatu ilipotelea wapi?

Kala-azar inaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kiitwacho leishmania. Kinaenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, mwenye urefu wa milimita 2 au 3 tu. Hana kelele, na huuma zaidi jioni na usiku. Mchana hujificha penye giza na unyevu: ndani ya vichuguu, nyufa za ardhi na nyufa za kuta. Akimwuma mgonjwa huchukua kijidudu, na baadaye akimwuma mwingine humwachia. Kula pamoja na mgonjwa au kumshika mkono hakuambukizi.

Kijidudu hiki hushambulia wengu (bandama), ini na uboho wa mifupa. Ndiyo maana tumbo huvimba chini ya mbavu za kushoto, damu hupungua, na mwili hushindwa kupigana na magonjwa mengine kama nimonia. Kati ya wagonjwa 100 wasiotibiwa, zaidi ya 95 hufa.

Hapa Kenya si ugonjwa mpya. Miaka ya 1950 uliwapata watu wengi Kitui, na watafiti wakaona kwamba wengi walikuwa na desturi ya kukaa karibu na vichuguu jioni. Mwaka 2017 ulilipuka Marsabit na Wajir. Baringo, Turkana na Pokot Magharibi pia wanaufahamu vizuri.

AMUA

Kwa nini ugonjwa huu unaitwa uliosahauliwa? Kwa sababu wanaougua ni maskini, wanaishi mbali na barabara, na makampuni ya dawa hayaoni faida kwao. Lakini unaweza kushindwa. Mwaka 2023 Bangladesh ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba kala-azar si tatizo tena la afya ya umma kwake.

Kipimo kipo, cha tone la damu. Dawa ipo. Tangu 2010 Shirika hilo linapendekeza kwa Afrika Mashariki sindano za dawa mbili kila siku kwa siku 17. Zamani zilikuwa siku 30. Basi kinachoua zaidi ni kuchelewa.

Na hata siku 17 si mchezo. Mama akilala wodini na mtoto, nani atakama mbuzi? Nani atapikia wale wengine? Siku ya nane mtoto anacheza, mama anasema amepona, wanarudi nyumbani. Ugonjwa nao unaweza kurudi, na kuutibu mara ya pili ni vigumu zaidi. Tusiwe wepesi kumlaumu mama huyu. Msamaria Mwema hakuishia kufunga vidonda. Alimpeleka mgonjwa mpaka nyumba ya wageni na kumlipia siku za kukaa. Je, jumuiya yetu imelipia siku ngapi?

TENDA

1. Homa ikizidi wiki mbili katika sehemu zenye kala-azar, hasa tumbo likivimba na mtu akikonda, usirudie dawa ya dukani. Nenda hospitali na useme wazi: "Naomba apimwe kala-azar." Dispensari isiyo na kipimo iombwe ielekeze kunakopimwa.

2. Maliza sindano zote. Baadaye vipele vikitokea usoni, mrudishe mgonjwa akaangaliwe.

3. Lala ndani ya neti yenye dawa na matundu madogo sana. Usubi hupenya neti ya kawaida isiyo na dawa.

4. Ziba nyufa za kuta kwa udongo. Usikae wala kulala karibu na vichuguu jioni, na uwaonye watoto wachungaji.

5. Jumuiya ichague watu wawili wa kuangalia boma la mgonjwa mpaka arudi, na ichange nauli.

MASWALI YA KUJADILI

- Kwetu homa ndefu inaitwaje, na tunaitibu vipi?
- Kipimo cha kala-azar kinapatikana wapi karibu nasi? Nauli ni kiasi gani?
- Jirani akilazwa siku 17, nani kati yetu atakama mbuzi wake?

Msiondoke kabla ya kujibu swali la mwisho kwa majina.