Fanani wa Santurini na Fanani wa Jukwaani: Nyimbo za D.O. Misiani

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayepewa wimbo wa benga auhakiki aghalabu huanzia kwenye matini: maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye kanda, yakatafsiriwa kwa Kiswahili, kisha yakasakwa takriri na tashbihi. Makala haya yanadai kwamba njia hiyo humwachia mhakiki nusu ya wimbo tu. Mfano unaotumiwa ni Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, ambaye wapenzi wake walimpa lakabu ya Mfalme wa Historia.

Misiani alizaliwa mwaka 1940 katika eneo la Shirati, mkoani Mara, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Migori ya leo. Mpaka huo uliwagawa Wajaluo kiutawala. Lugha, ujamaa na ngoma viliuvuka bila pasipoti. Katika miaka ya 1960 alihamia Kenya akaunda bendi yake, na watu wa Migori na Homa Bay wakamhesabu kuwa wao hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwezi Mei 2006.

Anayetaka kumsikia leo hana shida. Mwaka 1989 zilitolewa nchini Uingereza *Benga Blast!* na *Piny Ose Mer*, na mwaka 2010 kampuni ya Sterns ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zake bora za miaka ya 1970, *The King of History*. Hata hivyo, nyimbo hizo za miaka ya 1970 zilikuwa zimekwisha kukatwa kwa kipimo cha santuri ndogo, ambayo kila upande wake hubeba dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo uligawanywa mara mbili: upande wa kwanza masimulizi, upande wa pili magitaa yakishika kasi. Wanaoyataja mapumziko hayo ya katikati kuwa ni mbinu ya kimtindo wanaisifu plastiki badala ya mtunzi.

Jukwaani hapakuwa na upande wa pili. Wimbo uliendelea kadiri hadhira ilivyotaka, na hadhira ya Kijaluo ina desturi yake ya kutaka, iitwayo *pakruok*. Katika desturi hii, iliyotokana na ngoma za nyatiti, msikilizaji humsimamisha mwimbaji, hutoa chochote, kisha hujisifu au humsifu rafiki, mpenzi au kijiji chake kwa maneno ya mafumbo. Magitaa hushuka, watu hucheka na kushangilia, mwimbaji huyadaka majina yale na kuyatia katika wimbo, ngoma ikapanda tena. Hapo wimbo mmoja ukiimbwa Homa Bay jioni moja na Migori jioni nyingine, huwa ni matini mbili.

Wahakiki wengi huitafsiri *pakruok* kuwa majigambo. Tafsiri hiyo inafaa kwa dharura tu. Katika majigambo tuyajuayo darasani, anayejitapa ndiye fanani mwenyewe. Katika *pakruok* anayejitapa ametoka kwenye hadhira, na kwa muda huo fanani ndiye msikilizaji. Mgawanyo wa fanani na hadhira, ambao vitabu vya shule huuchora kwa mstari ulionyooka, hapa huvunjika mara kadhaa katika wimbo mmoja.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nyimbo zake za kisiasa. Misiani alipata kutiwa mbaroni kwa sababu ya nyimbo zake, na kwa mtu aliyezaliwa nje ya Kenya hatari ilikuwa maradufu. Ndiyo maana alipenda kuwasema wakubwa kupitia wanyama na visa vya Biblia. Msomaji wa tafsiri huona hadithi ya mnyama na kuhitaji tanbihi. Hadhira yake haikuhitaji: kicheko kilichozuka mahali fulani katika wimbo ndicho kilichotaja jina ambalo mwimbaji hakulitamka. Kicheko hicho hakikurekodiwa studioni.

Katika santuri zenyewe, hata hivyo, Misiani husikika akiwataja kwa majina marafiki na wafadhili, na wanakili wengi huyaruka majina hayo wakidhani ni salamu zisizo na maana kifasihi. Mwanafunzi anayenakili wimbo wake ayaandike yote, pamoja na mahali gitaa linaposhuka kuyapisha.