Malipo Yasiyothibitishwa na Kanuni Zake

Mfanyabiashara wa mahindi mjini Sumbawanga haruhusu gunia litoke ghalani kwa kuonyeshwa fedha tu. Huzipokea na kuzihesabu kwanza. Desturi hiyo yasaidia kueleza jambo moja la sarafu ya kidijitali iitwayo Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009. Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, kwani Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za aina hiyo si fedha halali nchini.

Muamala ukitumwa, hauingii daftarini papo hapo. Hukaa kwanza katika foleni, na kila kompyuta ya mtandao hutunza foleni yake. Kisha wachimbaji huchagua miamala, hasa yenye ada kubwa, na kuiandika katika ukurasa mpya wa daftari, kwa wastani kila baada ya dakika 10. Hapo ndipo muamala huhesabiwa kuwa umethibitishwa.

Mnunuzi wa gunia 50 za mahindi ya Ufipa atuma malipo kwa ada ya satoshi 500. Satoshi ni sehemu moja ya milioni 100 ya bitcoin. Lori likipakiwa, atuma muamala wa pili unaomrudishia sarafu zilezile, kwa ada ya satoshi 2,000. Je, ni upi utakaobaki katika foleni?

Jibu limebadilika hatua kwa hatua. Programu ya awali iliruhusu ubadilishaji, lakini ukazuiwa mwaka 2010. Mwaka 2016 programu ya Bitcoin Core, toleo la 0.12, iliuruhusu tena kwa masharti: muamala wa kwanza uwe na alama ya kukubali kubadilishwa, na wa pili ulipe ada kubwa zaidi. Mwaka 2022 toleo la 24 lilimpa mwenye kompyuta hiari ya kutojali alama hiyo. Mwaka 2024 toleo la 28 lilifanya hivyo kuwa kawaida, na mwaka 2025 toleo la 29 likaiondoa hiari yenyewe.

Wafanyabiashara waliozoea kupokea malipo kabla ya uthibitisho walipinga. Watetezi walijibu kwamba alama haiwezi kumzuia mchimbaji kufuata ada kubwa, na kwamba aliyelipa ada ndogo mno ahitaji njia ya kuiongeza. Sheria ya daftari, kwamba sarafu moja haitumiki mara mbili, haikuguswa. Kilichobadilika ni kanuni za foleni tu.

Basi mwenye ghala na asubiri uthibitisho ndipo lori liondoke.

Maswali
1. Eleza tofauti kati ya foleni na daftari.
2. Kwa nini ada kubwa humvutia mchimbaji?
3. Katika mfano huu, ni nani apatae hasara muamala wa pili ukithibitishwa, na angeiepukaje?